Tupeane uzoefu: maji yakiingia ghorofa ya chini, mlifanyaje?

MamaMakindye (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa yale ambayo kila mmoja ameyaona kwa macho yake, ili anayepatwa na jambo hili usiku wa leo apate pa kuanzia.

Kampala ni mji wa vilima na mabonde. Kiwanja tambarare na kikavu ni ghali, kwa hiyo wengi tumejenga kwa kukata mteremko: ukiitazama nyumba kwa mbele ina ghorofa mbili, ukizunguka nyuma, ile ya chini imezama udongoni. Huko chini tunaweka stoo, jenereta, magunia ya mahindi, kitanda cha mgeni, wengine gari. Ikifika Machi mpaka Mei, halafu tena Septemba mpaka Desemba, huko huko ndiko maji yanakoingia.

Ukisimulia, tafadhali anza na jambo moja: maji yako yalitoka wapi, na ulijuaje? Nasisitiza hilo kwa sababu naona majirani wakiuza mali kulipia kazi isiyohusiana na maji yao. Maji ya paa hayatibiwi kwa dawa ya ukutani. Maji ya choo yanayorudi kwa bomba hayazuiliwi kwa mtaro wa nje. Kisha tueleze ulichofanya, na kama kimeshika mpaka leo.

Wa Bwaise, Kalerwe na Natete, msiseme mada hii si yenu kwa kuwa hamna ghorofa ya chini. Najua barabara ikiinuliwa, nyumba nzima inageuka kuwa ya chini. Karibuni wote.

BuzigaMtelemkoni

Asante dada kwa kuliweka wazi. Sisi tuko Buziga na ukuta wa nyuma wa chumba cha chini umebeba mlima. Mvua ilipokuwa ikinyesha, chumba kilikuwa kikavu. Kesho yake, jua likiwaka, ndipo maji yalipoanza kutoka pale ukuta unapokutana na sakafu, nayo yalikuwa safi, baridi, hayana harufu. Kuchelewa huko na usafi huo ndivyo vilivyotuonyesha kwamba yanatembea ndani ya udongo. Maji ya paa yangekuja wakati ule ule, na ya choo yangejitangaza kwa pua.

Fundi wa kwanza alipiga lipu mpya upande wa ndani, yenye dawa ya kuzuia maji. Msimu mmoja ilipendeza. Uliofuata ikavimba, ikabanduka mapande mapande, na nyuma yake kukawa na unga mweupe wa chumvi iliyoachwa na maji. Fundi wa pili, mwashi mzee sana, alitazama ukuta kwa muda mrefu kisha akauliza: mkiyafungia humu, mnataka yaende wapi?

Alitueleza mlima unavyofanya kazi, na tangu siku hiyo naitazama Kampala kwa macho mengine. Mvua inazama kwenye udongo mwekundu na changarawe mpaka ikute tabaka la mfinyanzi lisilopitisha. Hapo haiwezi kushuka tena, inateremka kwa kando. Ndiyo maana miguuni mwa vilima vyetu kuna chemchemi watu wanakochota kwa jerikani. Tunapokata mlima kujenga, tunakata njia ya maji hayo, na ukuta wetu unasimama katikati yake. Maji yakijaa nyuma ya ukuta yanausukuma, na kadiri yanavyopanda ndivyo msukumo unavyoongezeka. Rangi haishindani na msukumo wa namna hiyo.

Kazi iliyotutoa ilifanyika nje. Tulisubiri kiangazi, tukachimba mtaro nyuma ya ukuta mpaka chini ya usawa wa sakafu ya ndani. Tulichimba kipande kwa kipande, na kila kipande kiliwekewa mbao za kushikilia udongo kabla mtu hajashuka. Naomba hili lisichukuliwe kwa wepesi. Udongo uliokatwa wima huanguka bila kutoa taarifa, na mtu aliyefukiwa mpaka kifuani anaweza kufa huku wenzake wanamtazama. Upande wa nje wa ukuta ulisafishwa, ukapigwa lipu na kupakwa lami. Chini kabisa tukalaza bomba lenye matundu, lililoinama kidogo kuelekea bondeni, juu yake kokoto safi, na vyote vikafunikwa kwa kitambaa cha kuchuja ili matope yasizibe. Ukuta haujalia tena.

Lakini kugumu zaidi kulikuwa kule maji yanakokwenda kumwagikia. Bomba letu lilielekea kwa jirani wa chini, naye alikuwa na haki kabisa ya kukataa. Tulikaa kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa), tukaongea kwa heshima, tukakubaliana mfereji wa zege upite mpakani hadi mtaro wa barabara, kila mtu achangie. Jirani mwenyewe alikuwa na unyevu ukutani, na mfereji ule ukamsaidia naye. Ukianza kuchimba kabla ya kuongea na wa chini yako, unahamisha mafuriko tu.

MpangajiNtinda

Mzee wa Buziga, na kama ukuta hautiririshi, unatoa jasho tu? Wangu una madoa meusi pembeni mwa kabati, na nguo zinanuka.

BuzigaMtelemkoni

Kata kipande cha kaveera (plastiki) nene, kausha sehemu ya ukuta kwa kitambaa, kibandike kwa utepe wa gundi pande zote nne pasiwe na upenyo, ukiache siku moja au mbili. Maji yakionekana nyuma ya kaveera, upande wa ukuta, basi yanapenya kutoka udongoni. Yakionekana mbele, upande wa chumba, ni mvuke wa humo ndani, wa kupika, wa kufua, wa pumzi za watu, unaogandia kwenye ukuta baridi. Huo wa pili dawa yake ni dirisha na kusogeza kabati mbali na ukuta. Usimlipe mtu kabla ya kufanya jaribio hilo.

FundiUmemeKireka

Naingilia kati kwa sababu mnazungumzia kuta, na kinachoua kwanza ni umeme.

Ukikuta maji yamesimama chumba cha chini, usiweke mguu. Haijalishi ni kidogo. Soketi nyingi zimewekwa karibu na sakafu, na waya wa kuongeza wa friji au wa pasi mara nyingi umelala chini kabisa. Zima swichi kuu, ikiwa iko juu, pakavu, unapoweza kuifikia bila kukanyaga maji. Kama boksi la swichi liko huko huko chini, liache, piga simu kwa shirika la umeme wakate kutoka kwenye nguzo. Yaka (mita ya umeme wa kulipia kabla) kuisha yuniti si sawa na umeme kukatwa, usijidanganye kwa hilo. Mwenye paneli za jua na betri azizime pia, kwa maana hizo haziko kwenye swichi ya nguzo.

Jambo la pili ni jenereta na pampu za petroli. Watu wanaziteremsha ndani ili bomba lifike. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na chumba cha chini hakina pa kuitolea. Mtu anahisi kichwa kizito, anakaa kupumzika, haamki. Injini ibaki nje, mbali na mlango na madirisha, ishuke bomba tu.

Friji, redio, pampu au mashine ya kufulia iliyozama usiijaribu "kuona kama bado inafanya kazi". Ikaguliwe na fundi, na soketi zilizozama zibadilishwe.

NyumbaNiBwaise

Dada Makindye, umetutaja, asante. Nimezaliwa Bwaise. Wazee wanasimulia kwamba eneo hili lilikuwa kinamasi cha mafunjo, maji ya vilima vya jirani yakikusanyika humu kabla ya kwenda kinamasi cha Lubigi. Vilima sasa vimejaa mabati na saruji, kwa hiyo mvua isiyopata pa kuzama inashuka kwetu yote kwa mara moja.

Nyumba ya mama ilijengwa ikiwa na ngazi ya kupanda. Barabara imeinuliwa, majirani wamejaza changarawe na kuinua vyao, na leo unashuka kuingia sebuleni. Kwetu maji hayapenyi ukutani, yanaingia mlangoni, meusi, yamechanganyika na ya vyoo vya shimo vilivyofurika na kaveera zote za mtaa. Harufu peke yake inakwambia.

Tulichofanya: kizingiti cha zege mlangoni, kimo cha goti, mnapanda kwa ngazi nje na kushuka kwa ngazi ndani. Vitanda juu ya matofali. Chakula, madaftari ya watoto na nguo kwenye rafu karibu na dari. Bomba la bafu tumelifunga valvu ya kuzuia maji kurudi, kwa sababu kizingiti kilipozuia maji ya mlangoni, maji yalianza kutokea kwenye tundu la bafu. Valvu hiyo lazima ifunguliwe na kusafishwa, uzi mmoja tu ukikwama hakuna kinachozuia.

Baada ya maji haya, godoro lililolowa tunalitupa. Najua bei ya godoro, na najua linauma. Lakini sponji iliyonyonya maji ya choo haisafishiki, na mtoto ndiye atakayelilalia. Maji ya kunywa yanachemshwa hata kama ya bomba yanaonekana safi. Kuhara na homa ya matumbo hufuata mafuriko kwetu kila mwaka. Watoto hawaruhusiwi kucheza kwenye maji hayo, na anayesafisha avae gambuti na glavu, mwenye kidonda asiingie.

Kuzibua mtaro kabla ya mvua tunafanya pamoja, mtaa mzima. Mtaro wa mbele ya nyumba yako peke yake haufai kitu ikiwa wa jirani umejaa taka.

AfandeMstaafu

Poleni sana wa Bwaise. Mimi kwa upande wangu nilikodi pampu kubwa, nikavuta maji yote ya besimenti kwa mkupuo mmoja, mambo yakaisha. Sioni haja ya kusubiri.

MhandisiMajengo

Afande, kwa heshima zote, umenusurika, na naomba wasomaji wasifuate hilo bila kutazama nje kwanza. Maji yakiwa yamejaa ndani na udongo wa nje umelowa, maji ya ndani yanausukuma ukuta kutoka ndani, na udongo unausukuma kutoka nje. Ukiyaondoa ya ndani ghafla, unabaki msukumo wa upande mmoja. Kuta za matofali ya kuchoma yasiyo na nondo hupinda na kupasuka hapo, na sakafu huinuka.

Subiri maji ya nje yashuke. Kisha vuta kama theluthi moja, chora alama ukutani kwa chaki, acha mpaka kesho. Maji yakipanda tena kupita alama, udongo bado umeshiba, usiendelee. Yakitulia, vuta theluthi nyingine. Kwa maji ya kifundo cha mguu haya hayana uzito, chota tu. Nazungumzia maji ya kufika kiunoni.

Na ukiona ufa mpya wa kulala, katikati ya kimo cha ukuta uliobeba udongo, toka na utoe watu wote. Ufa huo maana yake ukuta unapinda.

AfandeMstaafu

Nimekuelewa, mhandisi. Ukuta wangu ni wa zege lenye nondo, labda ndiyo salama yangu. Walio na matofali wakusikilize.

MlimaRwenzori

Niko Kasese. Huku maji hayaji peke yake. Mto Nyamwamba unashuka kutoka milima ya Rwenzori kupitia Kilembe, na ukikasirika unabeba mawe makubwa kuliko gari. Tuliyaona Mei 2013, tukayaona tena Mei 2020, hospitali ya Kilembe ikabomolewa.

Pampu haina kazi kwenye matope. Kwetu ni koleo, toroli na watu. Toeni matope yakiwa bado mabichi, yakikauka yanashika kama saruji. Anza juu ya kuta, shuka, maliza na sakafu, ili usirudie. Fungua milango yote kabla ya kuanza kuchota, na ikiwa mlango umebanwa na matope ndani, usiuvunje ukiwa umesimama mbele yake. Matope hayo msiyapeleke kwenye bustani ya mboga. Kando ya mto kuna masalia ya mgodi wa shaba, na mto unayachukua.

Tulichojifunza cha kudumu ni kuhusu kusikia. Mto ukiwa unafurika, unasikia mawe yakigongana kabla ya kuyaona maji. Na mto ukipungua ghafla mvua ikiwa bado inanyesha mlimani, pana kitu kimeuziba huko juu. Katika hali zote mbili tunapanda na watoto, vitu vinabaki. Jirani zangu waliorudi kuchukua mali, wengine hatukuwaona tena.

MamaMakindye

Pole sana ndugu yetu wa Kasese. Mungu awalaze pema waliotangulia. Asante kwa kutuandikia jambo hilo la mto kupungua, wengi tungelichukulia kuwa nafuu.

PwaniYaEntebbe

Yangu ni aina nyingine kabisa, nadhani haijatajwa. Maji yalitokea katikati ya sakafu, kupitia nyufa ndogo, bila mvua yoyote. Ilikuwa 2020, ziwa lilipopanda. Mei mwaka huo Victoria ilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, ikapita kidogo rekodi ya 1964 ya mita 13.41. Wazee waliokumbuka mvua za 1961 walikuwa wakituambia ziwa litarudi kudai, tukadhani ni hadithi.

Tulivuta, tukavuta, maji yakarudi yale yale. Fundi bomba mmoja mwaminifu alichimba shimo dogo uani, maji yakatulia ndani yake kwa usawa ule ule wa sebuleni. Hapo tukaelewa tulikuwa tunajaribu kulikausha ziwa. Tulihamia juu, tukaondoa milango na nyaya za chini, tukajaza vyumba vile kifusi na kumwaga sakafu mpya juu yake. Dari sasa iko chini, ni stoo tu. Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena kupita pale, na tulikuwa tumekaa pakavu.

Anayenunua karibu na ziwa akumbuke kwamba kanuni zinataka mita 200 kutoka ukingo wa Victoria ziachwe, na mita 30 kwa mito midogo. Muulize muuzaji jirani zake wa zamani maji yalifika wapi 2020. Alama bado zipo kwenye miti na kuta.

MwalimuJinja

Nachangia kuhusu karatasi, maana watu wanapoteza hati ya kiwanja na vyeti kwa kuvikausha vibaya. Usivitenganishe kwa nguvu vikiwa vimegandana, wala usivianike juani. Suuza matope kwa maji safi taratibu, karatasi ikiwa imelala juu ya kitu kigumu. Weka karatasi nyeupe ya kunyonya katikati ya kurasa, badilisha zikilowa, mahali penye kivuli na upepo. Kama ni nyingi na huwezi kuzimaliza siku hiyo, zitie kwenye kaveera uzigandishe kwenye friza ya jirani. Baridi inasimamisha kuvu, nawe unazikausha chache chache baadaye. Kuvu huanza ndani ya saa 24 mpaka 48, kwa hiyo usingoje wikendi.

Na mahindi au karanga zilizolowa zikaota ukungu, msizioshe na kuzisaga. Sumu ya ukungu haiondoki kwa kupika. Msiwape kuku pia.

MpangajiNtinda

Nimefanya jaribio la kaveera. Maji yako nyuma, upande wa ukuta. Mwenye nyumba anasema nipake rangi mwenyewe.

WakiliMpangaji

Nnyabo, Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inamtaka mwenye nyumba apangishe nyumba inayofaa kuishi binadamu. Mwandikie barua, hata ya mkono, uweke tarehe, ubaki na nakala, ambatisha picha za ukuta na za hiyo kaveera. Kama hamna mkataba wa maandishi, omba uandikwe sasa. Ongea kwanza, kisha LC1, mahakama iwe mwisho. Mweleze pia kwamba ukuta unaolowa unaharibika, na nyumba ni yake. Wengi hulainika wakilisikia hilo.

Ukiosha madoa hayo, usichanganye JIK (dawa ya kung'arisha nguo) na dawa ya choo yenye asidi. Hutoa gesi inayounguza mapafu, na chumba cha chini hakina hewa.

NakaaKawempe

Nimesoma yote, asanteni sana. Banange, kwangu maji yanaingia wakati ule ule mvua inaponyesha, kwenye kona iliyo chini ya paa kubwa, na ni masafi. Fundi amekuja na watu wake, anataka kuchimba nyuma ya ukuta wiki hii, na mvua haijakatika. Nimruhusu?

BuzigaMtelemkoni

Hapana ndugu, usimruhusu. Udongo umelowa na ukuta uko peke yake. Kwanza hayo yanaonekana ni maji ya paa. Piga hesabu: milimita moja ya mvua juu ya mita 100 za mraba za bati ni lita 100. Mvua kubwa ya milimita 40 inakupa lita 4,000, na kama gata imetoboka zote zinashukia kwenye kona moja. Toboa siri hiyo kwanza: wakati mvua inanyesha simama nje na mwavuli, tazama gata inamwagia wapi.

NakaaKawempe

Nimesimama sasa hivi. Gata imekatika pale pale juu ya kona, maji yanachimba shimo kabisa kando ya msingi.

BuzigaMtelemkoni

Basi mwambie fundi aweke jembe chini. Ifungwe gata, bomba la kushuka lielekezwe kwenye tangi, na tangi likijaa, maji ya ziada yaende mbali na msingi. Lile shimo lijazwe mfinyanzi na kushindiliwa, uinamishwe kutoka ukutani. Kisha tandika turubai juu yake mpaka mvua hizi zipite, utuandikie baada ya mvua kubwa inayofuata kama kona imebaki kavu. Ikiendelea kulowa, tutazungumza kuchimba mwezi wa Juni.